Siku Agya Bediako Alipogomba Tena

AMEGOMBA! Jamani, Agya Bediako amegomba! Amesimama katikati ya mchanga, mgongo umepinda, kidole juu, anawafokea wanaume wazima wanne mpaka mmoja kavua kofia! Na mkewe, Maame Pokuaa, kakaa juu ya ndoo pale pembeni, analia huku anacheka, kamasi na machozi vyote kwa pamoja, wala hajali nani anamwona!

Ndiyo, najua unajiuliza. Mzee kugomba kuna raha gani? Basi sikia ilivyokuwa.

Akyerekrom ni mji wa dhahabu, huku jimbo la Asante, Afrika Magharibi. Kuna mgodi, kuna vumbi jekundu, kuna kanisa kila baada ya nyumba tatu, na kuna uwanja wa gofu wenye mashimo tisa unaopita nyuma ya majiko ya watu. Viwanja vya wenzetu, pale kwenye shimo unakuta nyasi fupi, laini, za kijani, wenyewe wanaita grini. Sisi hatukuwa nazo. Nyasi zile zinataka maji kila siku ya Mungu, na maji yenyewe watu tunayapangia foleni. Kwa hiyo kila shimo lilizungushiwa duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya magari. Mchanga mzito, mweusimweusi, hata upepo uje vipi haupeperuki. Tunaita brauni.

Sasa brauni ina tabia yake. Mpira ukipita unaacha mstari. Mtu akipita anaacha nyayo. Wakipita wachezaji wanne, pale pamekuwa kama kuku wamepigana. Lazima awepo mtu wa kulainisha. Ana chuma kirefu chenye mpini, kinaitwa skrepa. Anaanzia shimoni, anakiburuza huku anazunguka, anazunguka, duara linapanuka mpaka anafika ukingoni, na nyuma yake mchanga umelala kama shuka iliyopigwa pasi.

Mtu huyo alikuwa Bediako. Alianza kazi hana hata ndevu, akaifanya mpaka ndevu zote zikawa nyeupe na mji mzima unamwita Agya, yaani baba, hata wale ambao baba zao wako hai, na mkewe wakamwita Maame, yaani mama. Na alikuwa na alama yake. Akifika ukingoni, mwisho kabisa, alikuwa anaupindua mkono kidogo anaponyanyua skrepa, na pale pakabaki kimkia kilichojikunja, kama mkia wa kinyonga. Hakuna aliyemfundisha. Ukiulizwa brauni hii kailainisha nani, unaangalia mkia tu.

Halafu alikuwa mgomvi! We! Daktari wa mgodi akikanyaga vibaya, anagombezwa. Mchungaji akikatiza na baiskeli, anagombezwa, tena Jumapili. Hata Pokuaa alimpata kwa njia hiyohiyo. Alikuwa msichana, kabeba sinia la ndizi kichwani, akakatiza brauni namba tano kwa sababu jua lilikuwa kali na ndiyo ilikuwa njia fupi.

"We binti! Huo ni uwanja au ni sebule ya bibi yako?"

"Ya bibi yangu ina vigae," Pokuaa akamjibu bila kugeuka. "Hii yako ina mafuta ya lori."

Siku hiyo Bediako alilainisha brauni yote akaziacha nyayo mbili za mwisho za yule binti ukingoni, zikakaa pale mpaka jioni, na wachezaji walipouliza akasema mchanga wa upande ule ni mbishi. Ndoa ilifuata. Pokuaa akaweka jiko lake la mkaa hapohapo namba tano, nje ya ua wa waya, akawa anachoma ndizi na kuuza na karanga chini ya kibanda cha bati. Mume ndani ya ua, mke nje, siku nzima wanarushiana maneno kupitia waya.

Pale kwenye ndizi ndipo makedi, wale wabeba begi, walipokuwa wanakaa kubishana. Mada ilikuwa ileile kila siku: nchi gani ya Afrika ina uwanja mzuri kuliko zote.

"Morocco, ndugu zangu! Nyasi kama zulia, unaogopa hata kukanyaga," anasema Atta, kedi mkubwa wao, mtu mwenye kofia ambayo haivui hata kwenye msiba.

"Wewe Morocco umefika lini?"

"Nimeiona kwenye simu ya Daktari."

"Basi macho ndiyo yamefika. Miguu bado iko hapa na magaga yake."

"Nyie hamjui kitu. Afrika Kusini! Kule hata mamba wa kwenye bwawa ni mwajiriwa."

"Na Kenya je? Nyani anaiba mpira, wanakuruhusu uweke mwingine."

Na Agya Bediako, kutoka ndani ya ua, hata kichwa hainui: "Wote hao wana nyasi. Ng'ombe naye ana nyasi. Mmeona anajisifu?"

Watu wanacheka mpaka karanga zinawapalia.

Lakini katibu wa klabu, Bwana Ofosu, yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amekulia hapahapa, mtoto wa mwalimu, alijifunza gofu kwenye mchanga huu kwa fimbo ya kuazima, na uwanja ulimuuma moyoni. Kila akisikia nchi fulani imefungua uwanja mpya, anakosa raha. "Afrika nzima inaondoka kwenye brauni," alikuwa anasema. "Sisi tutabaki tunanuka mafuta ya lori mpaka lini?" Halafu akasikia kuna mama mmoja wa Botswana, Bi Gaone, anayezunguka bara zima kupima ubora wa viwanja na kuvipa alama, na mwaka huu anapita huku. Basi! Ofosu hakulala. Alikimbia huku, akaomba kule, kisima kikachimbwa, mabomba yakalazwa, brauni zikafukuliwa moja baada ya nyingine na mchanga wake ukaenda kumwagwa nyuma ya karakana. Nyasi zikapandwa. Zikaota! Kusema kweli zilipendeza.

Agya Bediako akaagwa vizuri tu. Wakampa kitambaa cha kente, kile cha heshima, wakapiga naye picha, wakaitundika picha ukutani klabuni pamoja na skrepa yake, iwe ukumbusho. Aliporudi nyumbani akauliza, "Sasa kesho nakwenda na chuma gani?"

Pokuaa akadhani ni utani.

Haukuwa utani. Kichwa cha mzee kilikuwa kimeanza kumponyoka taratibu tangu zamani kidogo, na kazi ilikuwa inakificha. Sasa kazi haipo. Akawa anavaa shati juu ya shati. Akawa anamuuliza mkewe mama yake amekwenda wapi. Pokuaa akajifunza kujibu, "Amekwenda sokoni, anarudi," kwa sababu akimwambia amekufa, anaanza kumlilia upya kama amekufa leo.

Basi asubuhi moja, mgeni wa Botswana akiwa njiani, kelele klabuni. Grini namba tatu imechunwa! Nyasi changa zimekwanguliwa mpaka udongo unaonekana, duara ndani ya duara, kuanzia shimoni mpaka ukingoni. Watu wamejaa. Ofosu kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wivu! Hawa ni wale wa klabu ya ng'ambo ya mto! Wamesikia mgeni anakuja!" Halafu akamgeukia mlinzi. "Issaka! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naswali alfajiri, Katibu. Nimeinua kichwa nimekuta hivi."

"Mtu kachuna uwanja mzima wewe hujasikia?"

"Hana kelele huyo mtu, Katibu. Amefanya kama anabembeleza mtoto."

"Rudisha funguo. Nenda nyumbani."

Maame Pokuaa alikuwa amesimama nyuma ya watu, sinia mkononi. Alichungulia kati ya mabega mawili, akaona ukingo wa ile grini. Mkia wa kinyonga. Umejikunja vizuri, haujakosea hata kidogo.

Aligeuka, akaenda nyumbani. Alimkuta mumewe kakaa barazani, suruali imeloa umande mpaka magotini, vipande vya nyasi vimemganda kwenye vifundo vya miguu, chuma cha kitanda kibovu kimeegemezwa ukutani. Na uso wake! Pokuaa hakuwa ameuona uso ule tangu siku ya kuagwa. Uso wa mtu aliyetoka kazini.

"Namba tatu leo ilikuwa ngumu kidogo," Bediako akasema. "Mchanga umeshikana. Lakini imekubali."

Pokuaa akapiga magoti, akamfuta nyasi miguuni kwa kanga, moja moja. "Umefanya vizuri, mume wangu. Kula uji wako."

Halafu akasimama akarudi klabuni, maana Issaka ana watoto, na angenyamaza asingeweza kumwangalia mke wa Issaka sokoni.

"Katibu, muache Issaka. Ni mume wangu."

"Maame, usibebe mzigo wa mtu kwa huruma."

"Njoo uangalie mwenyewe." Akamvuta mkono mpaka ukingoni, akamuonyesha.

Ofosu akainama. Akaugusa mkia kwa kidole. Utoto wake wote alikuwa ameicheza mipira yake juu ya mikia ile. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya katibu.

"Issaka, shika funguo zako. Samahani. Na wewe Maame, nisamehe pia, lakini Agya asivuke tena huu ua. Sio mpaka mgeni aondoke tu. Moja kwa moja. Leo namba tatu, kesho atapigwa na mpira kichwani, nitawaambia nini watoto wenu?"

Atakuwa kakosea? Pokuaa mwenyewe hakuweza kusema kakosea. Akaenda nyumbani akafunga geti kwa kamba.

Siku za kwanza mzee alihangaika. Alichukua mpini wa fagio akaburuza uani, akavuka kwa jirani, akalainisha miche yote ya pilipili ya Maame Frema. Frema akatoka mbio na upawa mkononi: "Pokuaa! Mumeo kanipigia pasi bustani!" Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana. Halafu Pokuaa akauficha na mpini wa fagio.

Hapo ndipo Bediako aliponyamaza.

Alikaa barazani tangu asubuhi, mikono mapajani, viganja juu. Mbuzi akaja akatafuna pindo la nguo yake, akamwangalia tu. Watoto wa jirani wakakatiza uani na miguu ya matope, yeye kimya. Pokuaa akaanza kuogopa kweli. Mtu aliyemgombeza mchungaji! Akaanza kumchokoza makusudi. Akapika supu ya mawese bila chumvi, hata punje. Mzee huyu aliwahi kurudisha fufu, ule ugali wetu wa kutwangwa, mara mbili kwa sababu ya donge moja! Akamwekea, akasimama kusubiri radi.

Bediako akala, akamaliza, akanawa.

"Asante, dada," akasema.

Dada. Pokuaa akachukua bakuli akaenda nyuma ya nyumba, akasimama na bakuli lake.

Jioni alimfuata Atta na makedi wenzake pale kwenye jiko.

"Ule mchanga wa brauni bado upo nyuma ya karakana?"

"Upo. Mende wenyewe wanaukimbia," Atta akasema. "Wa nini?"

"Nataka mnisaidie kutengeneza brauni. Moja tu."

"Maame, Katibu hataki hata harufu ya mafuta ndani ya ua. Tutaiweka wapi?"

"Hapa." Akapiga mguu chini, hapohapo alipokuwa amesimama, penye jiko, penye benchi, penye kibanda cha bati. Ndiyo sehemu pekee iliyo tambarare nje ya ua, njia nzima.

Makedi wakaangaliana. "Na ndizi utachomea wapi?"

"Nitahamia kule mtaroni."

"Mtaroni? Moshi wote utakurudia usoni, na wateja hawatakuona!"

"Pua unayo, Atta? Basi utaniona kwa pua. Leteni toroli."

Wakaenda kumuomba Ofosu ule mchanga. Yeye kichwa kimejaa mgeni, akasema chukueni, mnanisaidia kuondoa uchafu. Skrepa walipoiomba akakataa, ile ni ukumbusho. Basi Issaka akaingia klabuni mchana kweupe, akatoka na skrepa begani, anapiga mluzi. Ukutani, chini ya picha ya Agya, akatundika reki. Unajua ilichukua siku ngapi watu kugundua? Hata sijui, maana hakuna aliyegundua mpaka Issaka aliposema mwenyewe.

Kibanda kikang'olewa. Jiko likahamia mtaroni. Makedi wanne wakasomba mchanga kwa toroli, wakamwaga, wakausambaza kwa majembe, wakachimba shimo katikati, wakaweka kopo la maziwa na kijiti chenye kitambaa chekundu. Kazi ikaisha, jasho linawatoka, wanajiona mainjinia.

Pokuaa akaenda kumleta mume wake. Alimshika mkono njia nzima kama bibi arusi. Akilini anajua: akikaa kimya hata hapa, basi ndiyo imekwisha.

Wakafika. Bediako akasimama ukingoni. Akaangalia. Issaka akamsogezea skrepa mkononi, vidole vikaifunga, basi, kasimama tu. Pokuaa akashindwa kuangalia, akaketi juu ya ndoo.

Mzee akainama polepole. Akachota mchanga kwa kiganja, akaufikicha. Akaunusa. Akaumwaga.

"Nani," akasema, "kamwaga takataka hizi hapa?"

Makedi wakaangalia majembe yao.

"Nauliza nani! Mchanga mkavu kama unga wa muhogo! Mafuta yako wapi? Mmeyanywa? Na hili shimo kachimba nani, panya? Angalia lilivyoinama! Wewe mwenye kofia!"

"Mimi, Agya?"

"Kuna mwingine mwenye kofia mbovu kama hiyo? Ivue nikuone uso! Mnaita hii brauni? Hii ni kaburi la mbwa! Toeni majembe yenu, tokeni, mnanikanyagia! Lete mafuta!"

Atta akavua kofia. Atta! Kichwa chake kilikuwa na upara katikati, kumbe ndiyo siri! Na wote wanne wanarudi nyuma, wanagongana, wanacheka, mmoja analia.

Halafu mzee akageuka, akamnyooshea skrepa mkewe.

"Na wewe Pokuaa, unacheka nini hapo? Ondoa ndoo yako kwenye ukingo!"

Pokuaa! Kasema Pokuaa!

Akaondoa ndoo. Akaisogeza hatua moja, akaikalia tena.

Mgeni wa Botswana alikuja wiki ileile, akacheza mashimo yote tisa, akasema asante, akaondoka. Alama zake zikaja kwenye simu: uwanja wa wastani, grini bado changa, namba tatu ina makovu. Wastani! Ofosu akaumwa kwa siku mbili. Siku ya tatu akaamka, akaenda kazini, akaona mbingu hazijaanguka na watu bado wanacheza. Jioni akatoka na mpira mmoja na fimbo moja, akapita getini kwa Issaka, akazunguka ua kwa nje mpaka pale namba tano.

Agya Bediako alikuwa anamalizia duara. Sio kwamba kichwa kimerudi, hapana. Siku nyingine Pokuaa ni Pokuaa, siku nyingine ni dada. Lakini kila asubuhi anaamka anajua anakwenda wapi, na akirudi anakula, na supu ikikosa chumvi nyumba nzima inajua.

"Agya, naomba kupita," Ofosu akasema ukingoni.

"Wewe nani?"

"Ofosu."

"Mtoto wa mwalimu? Vua viatu."

Katibu wa klabu, na tai shingoni, akavua viatu na soksi. Akapiga mpira. Ukapita pembeni ya shimo, ukaacha mstari wake. Akapiga tena, ukapita. Bediako akatikisa kichwa kama anaona msiba, akaja na skrepa, akaufuta mstari polepole.

"Rudia. Una haraka kama unafukuzwa."

Akarudia mpaka giza linakaribia. Alipokaa kuvaa viatu, Pokuaa alikuwa amemletea ndizi kwenye gazeti. Anakohoa, macho mekundu kwa moshi wa mtaroni.

"Maame," Ofosu akasema, "nilisema asivuke ua."

"Hajavuka. Hata siku moja."

"Najua. Kesho naleta watu tuuhamishe ua wenyewe. Tuuzungushe kwa nje huku, hii brauni iwe ndani. Iwe yake."

Pokuaa akatafuna karanga moja, anafikiri.

"Usiishie hapo kwenye mchanga," akasema. "Uzungushe mpaka nyuma ya jiko langu, na bati zangu uzirudishe."

"Jiko ndani ya klabu? Na moshi, Maame?"

"Moshi huu si ndio umekukuza?"

Ofosu akacheka mpaka akapaliwa. Ua umehamishwa Alhamisi. Kama uko upande ule utauona, unakwenda umenyooka vizuri, ukifika namba tano unatoka nje kama tumbo la mama mjamzito, unazunguka duara la mchanga na kibanda cha bati, halafu unarudi kunyooka. Ndani yake kuna mzee anaburuza chuma, na mama juu ya ndoo anamwambia pale umeruka, na mzee anamwambia nyamaza wewe.

Tafadhali mtumie na mwenzako asome.